Moto ukishazimwa, askari wa zimamoto atampigia nani simu?

Na Mwandishi Wetu

MWAKA 2017 askari wa zimamoto 93 walikufa nchini Marekani wakiwa kazini. Katika mwaka huo huo wenzao wasiopungua 103 walijiua. Takwimu hizo zilitolewa Aprili 2018 na taasisi ya Ruderman Family Foundation, na tangu hapo zimekuwa zikitajwa mara kwa mara katika mijadala inayohusu afya ya akili ya watu ambao jamii imezoea kuwaona kuwa mashujaa wasioguswa na hofu wala huzuni.

Hata idadi hiyo ya 103 inaaminika kuwa pungufu. Shirika la Firefighter Behavioral Health Alliance, lililoanzishwa mwaka 2010 na Jeff Dill, kapteni wa zamani wa zimamoto katika jimbo la Illinois aliyesomea ushauri nasaha, hupokea taarifa za siri za vifo vya aina hiyo na kisha kuzithibitisha. Makadirio yaliyotolewa wakati huo yalikuwa kwamba ni takriban asilimia 40 tu ya vifo hivyo inayofahamika. Vingine huandikwa kuwa ni ajali, au familia huamua kunyamaza.

Ni katika mazingira hayo ambapo limezuka wazo la kutumia simu ya mkononi kumuunganisha askari aliyezidiwa na askari mwenzake aliyefundishwa kusikiliza. Wazo lenyewe si gumu kulielewa. Askari hana haja ya kwenda ofisini kujaza fomu wala kukaa katika foleni ya hospitali ambako anaweza kuonwa na jirani. Anaifungua simu yake saa nane ya usiku, wakati usingizi umekataa, na upande wa pili yupo mtu anayejua harufu ya nyumba iliyoungua na watu ndani yake.

Swali ni iwapo simu inaweza kuifanya kazi ambayo kituo, kamanda na hospitali vimeshindwa kuifanya kwa miongo mingi.

Kwa nini mwenzake na si daktari

Kazi ya zimamoto ina desturi zake. Askari wa zamu moja hula pamoja, hulala pamoja kituoni, na wanapoingia katika moshi uhai wa mmoja huwa mikononi mwa mwingine. Katika mazingira hayo anayekiri kwamba amechoka moyoni huogopa mambo mawili. La kwanza ni kwamba wenzake wataanza kujiuliza kama bado wanaweza kumtegemea juu ya ngazi. La pili ni kwamba ataondolewa kazini, apewe kazi ya ofisini, na posho zikatike. Kwa hiyo hucheka na wenzake, na akifika nyumbani hunyamaza.

Wengine hunywa. Baada ya mlipuko wa bomu uliotokea Oklahoma City Aprili 19, 1995 na kuua watu 168, wakiwamo watoto 19, watafiti waliwapima askari wa zimamoto walioshiriki katika uokoaji. Asilimia 13 walikutwa na maradhi ya akili yatokanayo na kiwewe cha tukio hilo, kiwango ambacho ni kidogo kuliko asilimia 23 iliyokutwa kwa manusura wanaume. Ukiishia hapo unaweza kusema kwamba mafunzo na uzoefu uliwakinga. Lakini karibu mmoja kati ya wanne alikuwa na tatizo la ulevi, na wengi wa hao walikuwa nalo tangu kabla ya mlipuko. Kwa maneno mengine, chupa ilikuwa mshauri wa kituo kwa miaka mingi na hakuna aliyeihoji.

New York ilijifunza jambo hilo kwa gharama kubwa. Septemba 11, 2001 idara ya zimamoto ya jiji hilo ilipoteza watu 343 kwa siku moja. Katika miezi iliyofuata, kitengo chake cha ushauri hakikukaa ofisini kuwasubiri askari. Wanasihi walipelekwa katika vituo, wakakaa jikoni na askari, na bega kwa bega na wanasihi hao walikuwapo askari wenzao, wakiwamo wastaafu, ambao kazi yao ilikuwa kufungua mlango ambao mtaalamu peke yake asingefunguliwa. Huo ndio msingi wa kile tunachoweza kukiita unasihi rika. Wasomaji waliozifuatilia kampeni za UKIMWI hapa kwetu watakumbuka waelimishaji rika. Kanuni ni ile ile, kwamba baadhi ya maneno huingia tu yanapotoka kwa mtu wa hali yako.

Ikumbukwe pia kwamba askari wengi wa zimamoto katika Amerika Kaskazini si waajiriwa. Marekani mwaka 2020 ilikuwa na askari wa zimamoto zaidi ya milioni moja, na asilimia 65 kati yao walikuwa wa kujitolea. Hawa ni wakulima, mafundi na walimu wa miji midogo ambao kengele ikilia huacha shughuli zao. Katika mji wa namna hiyo mtu unayemtoa katika gari lililopondeka mara nyingi unamfahamu, na mtaalamu wa afya ya akili aliye karibu huenda yuko mwendo wa saa kadhaa. Kwa askari wa aina hii simu si anasa.

Jaribio la Kanada

Nchi iliyolichukua suala hili kwa mpangilio zaidi ni Kanada. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliohusisha zaidi ya watu 5,800 wanaofanya kazi za usalama wa umma, yaani polisi, zimamoto, magereza, wahudumu wa magari ya wagonjwa na wapokea simu za dharura, ulionyesha kuwa asilimia 44.5 walikuwa na dalili za angalau ugonjwa mmoja wa akili. Kwa askari wa zimamoto peke yao kiwango kilikuwa asilimia 34. Miaka miwili kabla ya hapo, Mei 2016, moto wa nyika ulikuwa umeulazimisha mji wote wa Fort McMurray kuhama, watu zaidi ya 80,000, na baadhi ya askari waliokuwa wakiupambana nao walikuwa wakazi wa mji huo huo ambao nyumba zao zilikuwa zikiungua mitaa ya jirani.

Katika Chuo Kikuu cha McMaster, jimboni Ontario, kundi la watafiti likiongozwa na Sandra Moll liliandaa programu ya simu iitwayo PeerOnCall. Kinachovutia ni kwamba haikuundwa programu moja bali mbili zinazokwenda pamoja. Ya kwanza ni ya askari au mtumishi yeyote wa dharura: ndani yake mna maelezo, maswali ya kujipima mwenyewe na njia ya kumfikia mnasihi rika wa idara yake kwa kupiga simu au kwa kuandika ujumbe bila kutaja jina. Ya pili ni ya mnasihi rika mwenyewe, ili naye awe na mwongozo wa nini cha kusema, lini akabidhi kazi kwa mtaalamu, na namna ya kujitunza.

Programu hiyo ya pili ndiyo inayoonyesha kwamba waandaaji walilijua tatizo. Mara nyingi miradi ya simu humfikiria anayepiga na kumsahau anayepokea. Mtu anayepokea simu za namna hiyo baada ya zamu ya saa 24, wiki baada ya wiki, naye hujaa. Asipokuwa na mtu wa kummwagia yaliyomjaa, idara itakuwa imemsaidia askari mmoja na kumuumiza mwingine.

Simu peke yake haikai mkononi

Wapenzi wa teknolojia hawatayapenda yafuatayo. Mwaka 2019 ulichapishwa uchunguzi wa programu 93 za simu zinazohusu afya ya akili, zote zikiwa zimepakuliwa mara 10,000 au zaidi. Baada ya siku 15 ni asilimia 3.9 tu ya waliozipakua waliokuwa bado wanazifungua, na baada ya siku 30 wakabaki asilimia 3.3. Hicho ni kiwango cha kati; zipo zilizofanya vibaya zaidi.

Hata hivyo uchunguzi huo huo ulikuwa na habari nyingine. Miongoni mwa waliobaki, programu zilizowakutanisha watu na watu wenzao zilitumiwa kwa muda wa kati wa dakika 35 kwa siku, ilhali zile za kupima hali ya moyo, kuvuta pumzi au kusoma maelezo hazikuvuka dakika tisa. Kwa maoni ya mwandishi huyu, tofauti hiyo inaeleza mambo mengi. Mtu hakai na mashine, bali hukaa na mtu aliye nyuma ya mashine. Idara itakayonunua programu bila kuwaandaa watu wa kuipokea simu itakuwa imenunua picha ya kioo.

Funzo la miaka ya nyuma linahitaji kukumbukwa pia. Mwaka 1983 Jeffrey Mitchell, mtu aliyewahi kufanya kazi ya zimamoto na huduma za dharura nchini Marekani, alichapisha utaratibu wa kuwakusanya waokoaji muda mfupi baada ya tukio baya na kuwataka wasimulie walichokiona na walichokihisi. Utaratibu huo ulienea duniani kwa kasi, kwani ulionekana wa kibinadamu na wa gharama ndogo. Lakini mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2002 katika maktaba ya Cochrane yalionyesha kuwa kikao kimoja cha namna hiyo kwa watu waliopatwa na kiwewe hakikuzuia ugonjwa, na katika jaribio mojawapo waliohudhuria walikuwa na hali mbaya zaidi baadaye kuliko wasiohudhuria. Mwaka 2005 mamlaka ya miongozo ya tiba ya Uingereza ilishauri vikao hivyo visiwe huduma ya kawaida.

Kumlazimisha mtu aseme kabla hajawa tayari kunaweza kumtonesha. Ndiyo maana utaratibu ulioanzia katika kikosi cha makomandoo wa majini wa Uingereza, unaojulikana kwa kifupi kama TRiM na uliopokelewa baadaye na vikosi kadhaa vya zimamoto nchini humo, haumtaki askari amwage moyo wake. Mwenzake aliyefundishwa humwona siku ya tatu baada ya tukio, akamuuliza maswali machache kuhusu usingizi, pombe, hasira na kujilaumu. Humwona tena baada ya takriban siku 28 na kumuuliza yale yale. Akiona hali inazidi kuwa mbaya humpeleka kwa mtaalamu. Mazungumzo ya pili ndiyo yenye thamani, na ndiyo yanayosahaulika, kwa sababu baada ya wiki nne kila mtu ameshahamia katika tukio jingine. Hapo simu inaweza kufanya kazi ndogo lakini ya maana: kukumbusha.

Siri ni ya nani?

Jambo linaloweza kuliua wazo hili lote ni siri. Askari akihisi hata mara moja kwamba alichokisema kwa mnasihi rika kimefika mezani kwa kamanda, kituo kizima kitajua kabla ya zamu kubadilishwa, na hakuna atakayepiga tena.

Hofu hiyo ina sababu. Januari 2022 ilifichuka nchini Marekani kwamba Crisis Text Line, huduma ya hisani ya kuwasaidia kwa ujumbe mfupi watu walio katika hatari ya kujiua, ilikuwa ikiipatia kampuni ya biashara takwimu zilizotokana na mazungumzo hayo, majina yakiwa yameondolewa. Baada ya kelele za siku chache mpango huo ulisitishwa. Mwaka 2023 kampuni ya ushauri kwa njia ya mtandao ya BetterHelp ilikubali kulipa dola milioni 7.8 baada ya tume ya biashara ya Marekani kuituhumu kwamba iliwapa watangazaji taarifa za afya za wateja wake.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza programu ina nini, askari anapaswa kuuliza mambo yanayohifadhiwa yanahifadhiwa wapi, na nani mwenye ufunguo. Katika baadhi ya majimbo ya Marekani sheria humlinda mnasihi rika asilazimishwe kusema mahakamani aliyoambiwa, isipokuwa pale maisha ya mtu yanapokuwa hatarini. Novemba 2021 ilisainiwa sheria iliyotoa kinga ya namna hiyo kwa wanasihi rika wa askari polisi wa serikali kuu. Bila kinga kama hiyo ahadi ya usiri ni maneno matupu, hata kama programu ina nywila tatu.

Huku kwetu

Itakuwa ni kujidanganya kudhani kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Agosti 10, 2019 lori la mafuta lililipuka Msamvu, Morogoro, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Victoria, wakafa watu 228, na kazi ya kuopoa miili ikachukua siku kadhaa. Novemba 2024 ghorofa liliporomoka Kariakoo na kuua zaidi ya watu 20. Kwa siku nyingi waokoaji walichimba huku wakizungumza na watu walionaswa chini ya kifusi. Nchini Kenya, Septemba 2024, moto katika bweni la shule ya Hillside Endarasha, Nyeri, uliua wavulana 21. Kwa kila tukio hapo juu wapo watu waliovaa sare waliobeba miili kwa mikono yao, kisha wakarudi nyumbani kula na watoto wao.

Kwa askari wa huku liko pia jambo ambalo mwenzake wa Ontario halijui sana, nalo ni matusi ya umati. Nani hajasikia kelele za “wamekuja bila maji”? Mara nyingine lawama ni za haki na mara nyingine barabara ilikuwa imezibwa na vibanda na magari. Lakini askari anayeshuka kwenye gari akipokewa kwa mawe, na ndani ya nyumba akakuta amechelewa, hurudi na mizigo miwili. Vyombo vya habari, likiwamo gazeti lolote unalolisoma, huandika gari lilichelewa dakika ngapi na ni nadra kurudi kuuliza aliyekuwa ndani ya gari hilo amelalaje.

Kiswahili chenyewe kinayo njia ya kulisema hili. Mtu akisemwa “ana mawazo” hakuna anayefikiri kwamba ana fikra nzuri. Washona wa Zimbabwe wana neno linalokaribiana nalo, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, na juu ya neno hilo Dk. Dixon Chibanda alijenga tangu mwaka 2006 mpango wa mabenchi ya urafiki mjini Harare, ambapo bibi wa mtaani waliofundishwa huketi na mgonjwa nje ya zahanati na kumsaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Jaribio la watu 573 lililochapishwa Desemba 2016 lilionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokuwa bado na dalili za sonona katika kundi la benchi walikuwa takriban asilimia 14, dhidi ya asilimia 50 katika kundi lililopata huduma ya kawaida. Huo ni ushahidi mzito kuliko uliopo hadi sasa kwa unasihi rika wa zimamoto, na umetoka Afrika, si Kanada. Bibi hao hawakuachwa peke yao. Walikuwa na msimamizi wa kitaalamu.

Jeshi la Zimamoto na Uokoaji la Tanzania ni chombo chenye vyeo, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Katika chombo cha aina hiyo koplo hawezi kumfungukia inspekta anayemwandikia taarifa ya utendaji, hata inspekta huyo awe na moyo wa dhahabu. Wanasihi rika wangepaswa kuteuliwa na askari wenyewe, na anayepiga simu kituo kimoja apokewe na mtu wa mkoa mwingine. Kwa hilo simu ina faida ambayo kikao cha ana kwa ana hakina: askari wa Kigoma anaweza kusikilizwa na askari wa Tanga ambaye hatamwona kesho kwenye gwaride. Na si lazima iwe programu ya simu za bei kubwa. Namba ya bure, ambayo hata simu ya batani inaipiga bila bando, ingetosha kuanzia, kama ilivyo 114 kwa anayeunguliwa na nyumba.

Sheria nayo ina kona zake. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kimekuwa kikihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Kenya ilikuwa na kifungu kama hicho hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kinakwenda kinyume cha Katiba. Mnasihi rika anayepokea simu ya mtu aliyeshikilia kamba anahitaji kujua kama anazungumza na mgonjwa au na mtuhumiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaweza kusaidia upande wa siri, endapo mpango utaandikwa kwa kuizingatia tangu mwanzo.

Kuhusu fidia, Shirika la Kazi Duniani liliingiza maradhi ya akili yatokanayo na kiwewe katika orodha yake ya magonjwa ya kazini mwaka 2010, na Ontario ilipitisha mwaka 2016 sheria inayochukulia kwamba ugonjwa huo, ukimpata mtumishi wa dharura, umetokana na kazi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Tofauti ni kubwa: mzigo wa kuthibitisha humwondokea mgonjwa.

Libaki jambo moja la kiutendaji, ambalo waandaaji wa mipango hupenda kuliruka. Mnasihi rika naye ni askari wa zamu. Akiwa katikati ya mazungumzo na mwenzake anayelia, kengele ya kituo ikalia, atakata simu. Vituo vya mijini hupata hali hiyo mara nyingi kwa siku. Jibu la New York lilikuwa wastaafu: watu walioyaona yote, wasiongoja kupandishwa cheo na yeyote, na wenye muda. Kila mkoa wa Tanzania unao wazee wa namna hiyo, wengi wao bado wana simu zilezile walizokuwa wakipigiwa usiku enzi za utumishi wao.